Gari la Watu Watatu

Nilikwenda Isiolo kuliondoa gari moja barabarani, na mkobani nilikuwa na ripoti nene ya kunisaidia.

Kazi yangu ni ya kuelezwa mara mbili kabla mtu hajaielewa. Waajiri huniita niwasaidie kupunguza moshi unaotokana na wafanyakazi wao kwenda kazini na kurudi nyumbani. Nahesabu nani anatoka wapi, anapanda nini, wako wangapi ndani yake na mafuta yanayotumika ni kiasi gani, kisha nawaambia pa kupunguza. Mama yangu huwaambia majirani kwamba mimi ni karani wa moshi, nami sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Safari hii aliyeniita alikuwa Bwana Mutuma, meneja wa kiwanda kidogo cha maziwa ya ngamia pembeni mwa mji wa Isiolo. Mnunuzi wake mkubwa wa Nairobi alikuwa amemtaka, kabla ya kutia sahihi mkataba mpya, aonyeshe jinsi kiwanda kinavyopunguza hewa ya ukaa, hata ile inayotoka kwenye safari za wafanyakazi. Mutuma alinitumia picha za vitabu vya magari ya kampuni, nami nikazipitia Nakuru, mezani kwangu, chai ikiwa karibu. Jibu lilijitokeza siku ile ile. Nissani moja yenye viti kumi na vinne vya abiria ilikuwa ikienda Ngaremara, kijiji cha nje ya mji, kila asubuhi na kila jioni, na kitabu chake kilisema, siku nenda siku rudi, watu watatu. Watu watatu! Viti vingine kumi na kimoja vilikuwa vikibeba upepo. Nikaandika kwa herufi nene kwamba gari la Ngaremara liondolewe, na hao watatu wahamie mjini au watafute njia nyingine. Kilichobaki kilikuwa kwenda kumkabidhi Mutuma ripoti yake na kuona inafuatwa.

Nakuru, saa kumi na moja alfajiri, niliwasha gari langu. Nilisafiri peke yangu, mkoba ukiwa kiti cha mbele na sweta kiti cha nyuma. Nyahururu nilisimama kunywa chai kwa sababu ya baridi. Nilipofika Nanyuki jua lilikuwa limepanda na Mlima Kenya ulikuwa umejifunika kama kawaida yake, ukiwanyima wageni uso.

Timau, kabla ya adhuhuri, mama mmoja mtu mzima alisimama kando ya lami na gunia la viazi, akanipungia mkono. Niliangalia saa. Nikampigia honi ya pole, ile ambayo madereva hupiga kumaanisha samahani nina haraka, nikampita. Nataja jambo hili kwa kuwa nitalirudia, na si kwa fahari.

Kutoka hapo barabara inapita mashamba ya ngano, kisha inaanza kushuka, na kila ukishuka joto linakuvua nguo moja. Sweta nililolivaa Nyahururu nilikuwa nimelivua zamani. Skafu nikaivua njiani. Nilipoona nyumba za kwanza za Isiolo, nilikuwa nimefungua madirisha yote na kukunja mikono ya blauzi kama mtu anayekwenda kufua.

Isiolo, saa saba mchana, askari alinifungulia lango la kiwanda. Chini ya kivuli cha mabati yalikuwapo magari matano, safi, yamepangwa kwa heshima. Langu likawa la sita. Mutuma alitoka kunilaki, mtu mnene mwenye sauti ya upole na shati lililopigwa pasi likanyooka.

"Karibu sana, madam. Pole na safari. Umekuja na gari?"

"Nimekuja na gari."

"Afadhali. Sisi pia huku tunashuka na magari kutoka Meru kila siku. Kungoja ngoja barabarani si kazi ya mkubwa."

Alisoma ripoti tukila wali na nyama ya mbuzi. Alipofika penye herufi nene aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kazi safi. Kesho saa nne tuna mkutano na wafanyakazi, utawaeleza mwenyewe. Mwisho wa mwezi hiyo gari inaacha kwenda."

Nikafurahi. Nilijiona nimemaliza kazi kabla ya kuimaliza.

Alasiri ile Mutuma alinitembeza kiwandani. Kwenye mapokezi ya maziwa tulimkuta mwanamke mrefu aliyevaa aproni nyeupe na buti za mpira, Nakiru, Mturkana wa Ngaremara. Ndiye anayepokea maziwa yote. Vipimo vya maabara vipo, lakini kabla ya vipimo kuna pua yake. Wafugaji wengi hufukiza vyombo vyao kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike njiani, na Nakiru akifungua kifuniko tu anajua chombo kimefukizwa vizuri au kimeoshwa kwa haraka.

"Habari yako, madam," akanisalimu, akaniletea kifuniko puani. "Nasikia wewe umekuja kutoa moshi. Huu usitoe, tutalala njaa."

Tulicheka wote. Kisha Mutuma, bila ubaya wowote, akasema, "Huyu ndiye amesema ile gari yenu ya Ngaremara itoke."

Kicheko kikaishia hapo. Nakiru alifunika mtungi polepole na kuupangusa ukingo, ingawa ulikuwa safi.

"Madam, mimi siwezi kuhamia town," akasema. "Mama yangu haoni. Pale kwetu anajua kila kitu kwa hatua. Kutoka mlangoni mpaka jikoni ni hatua kumi na mbili. Kutoka jikoni mpaka choo ishirini. Nikimleta nyumba ya kukodisha, hiyo itakuwa ni kumfunga. Na saa ya kupokea maziwa mimi sipati gari ingine. Hii kazi itanitoka."

Nilikuwa na jibu kwenye ukurasa wa tisa, kuhusu pikipiki za umeme, lakini niliuacha ukurasa huo mkobani. Niliona aibu. Kwenye ripoti wale watatu walikuwa tarakimu, na tarakimu haina mama.

Tulipotoka, dereva wa gari lenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mzee wa Kiborana aliyevaa kofia ya kufuma na kandambili. Jina lake Guyo. Alitoa salamu, nikaitikia, akaniuliza swali moja tu.

"Wewe umeandika hii gari. Umewahi kuipanda?"

"Bado."

"Basi kesho saa kumi na moja nakuchukua. Ulale mapema."

Mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo, saa kumi na moja kamili alfajiri, nissani ilisimama mbele ya nyumba ya wageni nilikolala. Adhana ilikuwa imekwisha na mashuka ya wauza chai yalikuwa bado yamefunika meza zao. Nilipanda mbele na daftari, nikaandika mileji. Nilikuwa nimejiambia nakwenda kuhakikisha vipimo. Kusema kweli nilikuwa nakwenda kwa sababu ya hatua kumi na mbili.

Hatukufika mbali. Mwisho wa mji walisimama walimu wawili wanaofundisha upande wa Ngaremara. Guyo akasimama, wakapanda, wakauliza habari ya nyumbani kwake, ya ng'ombe na ya watoto, naye akajibu kimoja kimoja. Nilidhani ni wafanyakazi wa kiwanda. Mbele kidogo tukamkuta muuguzi wa zahanati na sanduku lake la barafu. Naye akapanda. Hapo nikageuka.

"Huyu naye ni wa kiwanda?"

"Hapana."

"Na wale walimu?"

"Hapana."

"Wanalipa?"

Guyo alinitazama kama niliyeuliza kama watu hulipa kwa kusalimiwa. "Madam, hii ni barabara. Huku kwetu mtu hapiti mtu kwa barabara. Leo yeye anatembea kwa miguu, kesho wewe huna gari."

Nilimkumbuka yule mama wa Timau.

Ngaremara tulifika mapambazuko yakiingia. Walimu na muuguzi walishuka. Nakiru alikuwa amesimama nje ya boma lake, na nyuma yake nikamwona mama yake akitoka mlangoni, mkono mmoja umenyooshwa kidogo, akitembea bila kusita hadi jikoni. Nilihesabu bila kukusudia. Kumi na mbili.

Safari ya kurudi mjini ndiyo iliyonimaliza. Walipanda Nakiru na wenzake wawili wa usafi, hao ndio watatu wa kitabuni. Kisha wakapanda akina mama wanne na mitungi ya maziwa, wakaipakata mapajani. Wakapanda walinzi wawili, wanafunzi wawili wa chuo, na mzee mmoja mwenye barua ya hospitali. Wa mwisho alikuwa mwanamke mjamzito, mzito kweli kweli, anayekwenda kliniki. Guyo alishuka akamsogezea kiti cha karibu na mlango, na kutoka hapo aliendesha taratibu hata nikaona lori likitupita. Nilihesabu mara mbili maana sikuamini. Pamoja nami tulikuwa kumi na wanne, na hakukuwa na kiti cha upepo hata kimoja.

Kabla ya kufika langoni, Guyo aliwashusha wote wasio wa kiwanda mahali pa kawaida, kisha akatoa kitabu cha gari kutoka juu ya usukani, akalowesha kalamu ulimini na kuandika: watu watatu.

"Mzee Guyo," nikasema, "kwa nini?"

Akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa gari: WAFANYAKAZI PEKEE.

"Nikiandika kumi na nne nafukuzwa. Nikipita watu, kwetu nitaangaliwa vipi? Kwa hivyo nabeba wote, naandika hao tatu. Miaka yote imeenda sawa. Mpaka wewe ukasoma hiyo kitabu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa watu alikuwa amelificha jambo jema kwa uangalifu mkubwa hata likaonekana baya, nami nikalihukumu nikiwa nimeketi Nakuru.

"Sasa wewe ni msomi," akaendelea, sauti ikiwa chini. "Ukisema ukweli, mimi natoka. Ukinyamaza, gari inatoka na Nakiru anatoka nayo. Chagua."

Sijapata kupewa hesabu ngumu kuliko hiyo. Nilishuka. Nikasimama pale uani, jua likianza kuuma, nikawaona wakubwa wa kiwanda wakiingia kutoka Meru. Gari la kwanza, mtu mmoja. La pili, mtu mmoja. La tatu, la nne, la tano lililokuwa la Mutuma mwenyewe, mtu mmoja mmoja kila gari. Mutuma alikuwa ameniagiza tangu mwanzo nihesabu magari ya kampuni tu, nami nilitii kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi. Nikafungua daftari, nikaandika tarakimu mbili, ya viti na ya watu, nikajua nitaanzia wapi.

Saa nne asubuhi tulikusanyika kwenye chumba cha kulia. Mutuma alinikaribisha kwa maneno matamu. Nikasimama, nikaiweka ripoti mezani kifudifudi.

"Ripoti hii ina kosa," nikasema, "na kosa ni langu. Nilihesabu magari bila kuyapanda. Naomba tuanze na yaliyo hapo nje kivulini. Yanatoka Meru, njia moja, wakati mmoja. Viti ishirini na tano, watu watano. Yanashuka mlima asubuhi na kuupanda jioni, na kuupanda mlima ndiko kunakokunywa mafuta. Bwana Mutuma, kama kuna viti vya kuondoa, vimeegeshwa pale."

Watu walijaribu kutocheka, wakashindwa. Mhasibu na mkuu wa maabara, ambao nyumba zao Meru zinatenganishwa na ukuta mmoja, walitazamana kama walioshikwa wakiiba sukari.

Mutuma alijifuta jasho. "Sawa, hiyo tumesikia. Lakini Ngaremara bado ni watu watatu."

Nilimwangalia Guyo, Guyo akaiangalia sakafu. Nilifungua mdomo bila kujua ni neno gani lingetoka, na nashukuru sikuwahi kulitoa, kwa maana Nakiru aliinuka.

"Si watatu," akasema. "Ni mimi nilimwambia mzee asimame abebe watu. Kama kuna kufukuza, anza na mimi."

"Wacha uongo," Guyo akasema, naye akasimama. "Hakuna mtu aliniambia. Nimebeba watu tangu hii gari ikiwa mpya. Kitabu ni mimi niliandika vibaya."

Mutuma aliweka miwani mezani. Sauti yake ya upole ilikuwa imepotea. "Guyo! Miaka yote unaandika uongo kwa kitabu ya kampuni?"

"Meneja," Nakiru akaingilia, "wale mama wanne wanaleta maziwa ya Ngaremara kila asubuhi. Unayapokea, unayauza, unayasifu. Ulidhani yanatembea yenyewe mpaka hapa?"

Nilimwona Mutuma akipiga hesabu kichwani: mitungi ile, saa ile, joto lile, na akina mama wanne juu ya pikipiki nne, kama pikipiki zenyewe zingepatikana. Nikamsaidia. Nilisema gari lile, kwa kila mtu linayembeba, ndilo lenye moshi mdogo kuliko magari yote niliyoyapima pale kiwandani, na kwamba ukiliondoa, watu wale hawatayeyuka. Watapanda vitu vingine vyenye moshi zaidi. Mnunuzi wa Nairobi angependa sana kusikia habari hiyo, mradi iandikwe.

"Na bima?" Mutuma akauliza. "Kitu ikitokea njiani, nani atajibu?"

Swali lilikuwa la haki, na hakuna aliyelikwepa. Mwishowe akaamua yeye mwenyewe, na nampa heshima yake kwa hilo. Wiki ile ile angewaona watu wa bima ili gari liruhusiwe kubeba na wengine. Kitabu kingeongezwa safu ya pili. Na wakubwa watano wangeshuka kwa gari moja, kwa zamu, yeye akianza.

"Guyo, barua ya onyo utapata," akamalizia, "kwa sababu kitabu ni kitabu. Lakini gari itaendelea kwenda, na dereva ni wewe."

Guyo alikaa chini na kuinamisha kichwa. Nakiru alijifunika uso kwa aproni yake.

Kisha Mutuma akanigeukia, na upole ukawa umerudi, upole wenye meno. "Sasa madam, na wewe ulitoka Nakuru na watu wangapi?"

"Peke yangu," nikasema.

"Nyani haoni..." akaanza, akawaachia watu waimalizie methali. Waliimalizia kwa sauti moja, wakipiga meza.

Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, niliondoka. Nakiru alinipa kibuyu kidogo cha maziwa kilichofukizwa, Guyo akanipa abiria. Ndiyo, abiria: muuguzi aliyekuwa akienda Nanyuki na mwanafunzi wa chuo wa Nyahururu. Alikuwa ameshawapanga langoni bila kuniuliza. Tulipanda mlima tukivaa nguo moja baada ya nyingine. Timau nilipunguza mwendo nikimtafuta yule mama wa viazi. Hakuwapo, bila shaka. Mtu hangoji siku mbili kando ya barabara ili dhamiri yangu ipone. Alikuwapo mwingine, na kabeji. Nikasimama.

Nakuru niliingia jioni, gari likinuka kabeji na moshi wa kuni. Nimejifunza nini? Kwamba kitabu cha gari huandikwa na mtu anayeogopa kitu fulani, na ukitaka kukielewa, kapande hilo gari kwanza. Kwamba watu wa barabara ile walikuwa wakifanya kazi yangu miaka mingi kabla yangu, bila ripoti, kwa sababu ya adabu tu. Siku hizi siandiki ukurasa wa kwanza kabla sijapanda, na fomu ya safari za kazini nimeanza kuijaza hata mimi mwenyewe.

Wiki chache baadaye Guyo alinitumia picha ya ukurasa mpya wa kitabu, safari ya jioni ya kurudi Ngaremara. Safu mbili, zimenyooka. Wafanyakazi: 3. Wengine: 12. Nilijumlisha, nikajumlisha tena, nikampigia.

"Mzee Guyo, viti ni kumi na vinne. Hapa umeandika watu kumi na watano. Mmoja amekaa wapi?"

"Kwa magoti," akajibu. "Unakumbuka yule mama mzito tulibeba siku ile? Amejifungua juzi. Leo tumemrudisha nyumbani na mtoto."

"Na mtoto naye umemwandika?"

Nilimsikia akicheka, na nyuma yake Nakiru, na nyuma yao sauti ndogo sana ikilia.

"Madam, si ni wewe ulisema tuandike kila mtu?"